Mama Qusai Aliyeporwa Jina Lake

Jikoni kwake mjini Irbid, kaskazini mwa Jordan, Inshirah ameketi kwenye kigoda, sinia la majani ya mzabibu likiwa magotini. Anatandaza jani, anaweka mchele na nyama ya kusaga kiduchu, anakunja, anabana. Kila mkunjo ni mwembamba kama kidole cha mtoto.

"Usiandike kwamba naongea huku napika," anamwonya mwandishi. "Wateja watasema nawatemea mate."

Inshirah, mwenye umri wa miaka 51, alianza kuuza chakula baada ya mumewe, dereva wa lori, kuumia mgongo. Haukupita muda, kampuni moja ya kuagizia chakula kwa simu ikamtuma kijana kumsajili. Kijana akapiga picha masufuria, akampiga picha na Inshirah mwenyewe, biashara ikabatizwa "Jiko la Mama Qusai", kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Yule kijana alikuwa mtamu kuliko kunafa iliyoloweshwa shira," anakumbuka. "Ananiita mama, huku anamaliza sahani ya pili."

Maagizo yalimiminika. Mwanzoni kampuni ilikata sehemu ya kumi ya mauzo. Ikaongeza kidogo, ikaongeza tena, mpaka ikafika karibu theluthi. Mwaka jana Inshirah akachoka, akajitoa, akaenda kupumzika kwa dada yake mjini Ajlun.

Huko ndiko simu ilikomkuta. Alikuwa Fawaz, kinyozi wa mtaani kwao, mteja wake wa siku nyingi.

"Mama Qusai, unaumwa?"

"Sina hata mafua. Kwani vipi?"

"Nimeagiza majani yako. Manene kama betri za redio! Mchele mbichi! Nikasema, dada yangu kapatwa na nini?"

"Fawaz, mimi niko Ajlun. Sijawasha jiko wiki nzima."

Binti yake Rahaf, mwenye miaka 22, mkubwa wa mabinti zake watatu, akafungua programu ya kampuni ile kwenye simu. Jiko la Mama Qusai lilikuwa wazi, na picha ya mama yake ikitabasamu vilevile. Chakula kilikuwa kikipikwa na kampuni yenyewe, kwenye bohari nje ya mji.

"Nililia," anasema Inshirah. "Watu wanakula takataka, wanadhani ndio mkono wangu."

Yeye na Rahaf wakaenda ofisini. Ofisa akawaonyesha masharti kwenye kompyuta.

"Mama, ulibonyeza 'Nakubali'. Jina ni mali ya kampuni."

"Nilikubali kuuza chakula, mwanangu. Sikukubali kuuza mtoto. Huyo Qusai nimemzaa kwa uchungu wa siku mbili, wewe ulikuwa wapi?"

Wafanyakazi wengine waliangua kicheko. Ofisa hakucheka. Wateja walipolalamika kwa wingi, kampuni iliondoa picha. Jina ikabaki nalo. Mwanasheria akamwambia Inshirah kuwa kesi ingemlia miaka na akiba yote.

Jioni moja, familia ikiwa mezani, akatangaza: "Kuanzia leo mimi ni Mama Rahaf."

Huku kwao mama huitwa kwa mtoto wa kiume wa kwanza. Mumewe akaweka kijiko chini.

"Na mimi je?"

"Wewe baki Baba Qusai. Lazima mmoja wetu abaki naye."

Qusai, anayefanya kazi bandarini Aqaba, akapiga simu siku ya pili. "Mama, nasikia umenikana?"

"Nimekuficha tu, kipenzi. Wezi wamezidi."

Rahaf anasema usiku ule aliondoka mezani akajifanya anaanua nguo. "Nilikuwa sitaki wanione. Tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kumwita mama kwa jina langu."

Siku hizi wateja humpigia simu wenyewe. Fawaz amebandika tangazo kwenye kioo cha duka lake la kunyolea, na anayekaa kunyolewa hasimami kabla ya kusimuliwa habari za betri za redio. Maagizo ni machache kuliko zamani, lakini sahani ya dinari tano inamwingizia dinari tano.

Kabla ya Ramadhani ijayo, Inshirah anataka kupanga chumba kilicho jirani na kinyozi, chenye dirisha la barabarani, ili mteja amwone mpishi kwa macho yake. Kibao kitaandikwa "Mama Rahaf".

Haogopi kampuni italitaka na jina hilo?

"Waje tu," anasema, akiyakandamiza majani kwa sahani kabla ya kufunika sufuria. "Bado nina Shahd na Lubna."