Nyanya Aliyesikiliza Pua

Juzi, mjini Voi, binti yangu alinizuia mlangoni. Ana kichanga cha wiki mbili, nami nilikuwa na mafua. "Mama, pole, leo utamwona kwa dirisha." Nilinuna, usidhani sikununa. Lakini pale nje nilimkumbuka nyanya yangu wa kijiji cha Mghange, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na miaka sita.

Mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na ukungu wa milimani haukuondoka mpaka saa nne. Nyanya alikaa jikoni, kando ya mlango wa chumba cha mzazi, akichambua maharagwe. Kila aliyekuja kumwona mtoto aliulizwa habari ndefu za mvua na ng'ombe. Nyanya hakuwa na haja na ng'ombe wa mtu, alikuwa anasikiliza pua. Sauti ikitokea puani, mgeni alinywa uji wake palepale, akaacha mayai aliyoleta, akarudi kwake. "Wewe utapenga, yataisha," alisema nyanya. "Yeye hajui kupenga."

Nami nilikuwa na mafua, nikazuiwa siku tano. Nililala jikoni nikimsikia yule mtoto mgeni akiimbiwa nyimbo zangu. Nilimchukia, sitakudanganya.

Siku ya sita nilijificha migombani nikapenga mpaka pua ikawaka moto, kisha nikakimbia kumsalimia nyanya kabla haijaziba tena. Sauti ilitoka safi, akanipisha. Mama alinikumbatia, nikashiba joto lake. Alipotoka kwenda chooni nilimwinamia mtoto nione ana nini cha kupendwa hivyo, nikapiga chafya.

Baada ya siku chache alikataa ziwa. Kila akivuta pumzi, mbavu zilibonyea ndani. Baba na mama walimkimbiza hospitali ya Wundanyi, na hata hapo niliona wivu kwamba yeye ndiye anayepelekwa mjini. Walirudi na leso ya kumbebea, tupu.

Nyanya hakukaa tena mlangoni kwa mzazi yeyote. Alisema masikio yake yamezeeka. Sikumwambia nilichofanya migombani.

Nyumba ile haipo tena, wala nyanya, wala mama. Nilirudishiwa nafasi yangu kitandani, lakini mama alilala ameelekea ukutani. Mpaka uzeeni, akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu wawili, na akimtaja yule mwingine sauti yake ililainika kwa namna ambayo kwangu haikuwahi. Nimepita miaka sitini, nami bado namwonea wivu.