Maji Yasiyo na Chumvi

Leo sokoni nimesimama mbele ya magunia ya dagaa, na harufu yao imenirudisha kwenye likizo moja ya utotoni.

Rafiki yangu alikuwa mgeni kwetu Bariadi. Baba yake alihamishwa kikazi kutoka Tanga, na tangu wafike alikuwa akiikumbuka bahari hadi kulia darasani. Nikamwambia hata kwetu kuna bahari. Siku baba yangu alipokwenda Lamadi kuchukua dagaa, alitupakia mbele kwenye pikapu. Vumbi la mashamba ya pamba lilitujaa puani njia nzima.

Maji yalipotokea, meupe kwa jua, ng'ambo haionekani, rafiki yangu alishuka akakimbia. Aliingia hadi magotini, akachota kwa kiganja, akaonja. Kisha akanigeukia.

"Hayana chumvi."

Nilijua atalia. Nilitamani nisingemleta.

"Ni ziwa," nikasema kwa sauti ndogo. "Sisi tunayanywa."

Akachota tena, akanywa polepole.

"Bahari yetu hainyweki," akasema. "Bibi angeona hii angeshangaa."

Akacheka, akanirushia maji usoni. Tulicheza hadi ngozi ya vidole ikakunjamana. Baba alipokuja kutuita, alimkuta rafiki yangu akijaza maji kwenye chupa ya soda.

"Unayapeleka wapi?"

"Nyumbani, baba. Mama naye aonje."

Aliikumbatia chupa ile hadi Bariadi.