Alikuja Siku za Mvua

Mume wangu alikuwa fundi wa injini za meli, na katika safari yake ya mwisho alirudi na gari kuukuu kutoka Ulaya, la rangi ya kijivu, lililokuja Mombasa kwenye sitaha ya meli. Malindi ya miaka ile ya themanini hatukuwa tumeona gari la namna hiyo. Halikuwa na kabureta. Petroli yake ilipimwa na kikompyuta kilichofichwa chini ya dashibodi, nacho kilipata habari zake kwenye sensa moja iliyochomekwa katika bomba la moshi. Kazi ya sensa ilikuwa kuonja moshi na kusema kama hewa imezidi au imepungua. Marehemu alijua petroli yetu ya siku zile, yenye madini ya risasi, ingeiharibu mapema, kwa hiyo alileta sensa nyingine ya akiba, akaifunga ndani ya soksi na kuiweka kabatini.

Hakuishi kuitumia. Maradhi ya ini yalimchukua kabla hatujazoea kuwa na gari.

Eda nilikaa kwa mama mkwe, nyumba ya karibu na bahari, na gari likakaa uani muda wote huo likipigwa na upepo wa chumvi. Nilipotoka eda nilirudi kufundisha Mambrui, na kwa kuwa mume wangu alinifundisha kuendesha kwa mikono yake, nikalichukua gari. Watu walisema. Mama mkwe akawajibu kwamba mjane hajafungwa kamba.

Gari lilikuwa limebadilika. Lilitoa moshi mweusi, lilikunywa petroli kupita kiasi, na ndani mlikuwa na harufu ambayo baada ya muda sikuisikia tena. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa na gereji nyuma ya soko. Aliniambia nimpelekee alitazame. Nikawa nasema kesho, kesho.

Mara ya kwanza ilikuwa masika. Nilitoka shule mvua ikinyesha, vioo nimevipandisha vyote. Kabla sijafika daraja la Sabaki nikamsikia marehemu akisafisha koo, kama alivyozoea kabla ya kuzungumza. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Sikuogopa. Kichwa kilikuwa kizito na mwili mwepesi, kama mtu anayeamshwa naye hataki kuamka. Nikamsalimu. Hakuitikia, lakini niliendesha hadi nyumbani nikijua yupo.

Alikuja tena, na tena. Siku za jua, vioo vikiwa wazi, hakuja. Siku za mvua alikuja. Ikawa nikiamka naenda kwanza dirishani kutazama mawingu. Siku moja aliniambia nishushe gia, kwa sauti ile ile ya subira aliyokuwa akinifundishia. Siku nyingine aliniuliza kama nimekula. Nilimjibu kwa sauti, na wanafunzi waliokuwa wakitembea kando ya barabara, majani ya mgomba yakiwa vichwani mwao, wakanitazama.

Nyumbani nilikuwa nikifika nikitapika, kisha najilaza gizani na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Mama mkwe alinivumilia, halafu akaniuliza. Nikamwambia kweli. Hakusema nina wazimu. Alimwita maalimu, akaja akafungua milango yote ya gari, akafukiza ubani na kusoma mpaka adhuhuri. Gari likawa linanukia. Mvua iliyofuata, mume wangu alikuja.

Alasiri moja mvua ilinyesha hata barabara ikawa haionekani. Alizungumza sana siku hiyo, kuliko siku zote, na sikuweza kushika anasema nini. Niligeuka kumtazama. Kitu nilichokijua baada ya hapo ni matone usoni, na mzee mmoja wa Kigiriama akinivuta kwa makwapa kunitoa garini. Nilikuwa ndani ya shamba lake, bampa limeegemea mkorosho. Alisema alikuta milango imefungwa, injini inanguruma, nami nimelala juu ya usukani nikitabasamu.

Asubuhi yake, mvua ikinyesha bado, shemeji alikwenda kulichukua gari. Nilimngoja gerejini, kwani sikukubali kubaki nyumbani. Alichelewa, na alipofika alikuwa amelowa chapachapa, ilhali ni mtu aliyekuja ndani ya gari. Sikumwuliza. Alianza kazi mara moja.

Alichomoa plagi, zikatoka nyeusi kama mkaa. Maana yake petroli imezidi. Kisha akaunganisha mita ya umeme kwenye waya wa sensa, akawasha injini, akaiacha ipate moto. Mshale ulilala chini kabisa, haukutikisika. Maana yake, alinieleza, sensa inasema hewa ndiyo iliyozidi, na kikompyuta kinaiamini, kinazidi kumwaga petroli.

Nikakumbuka soksi kabatini. Nilikwenda kuileta. Aliifunga sensa mpya, akawasha. Mshale ukalala pale pale.

Alichuchumaa akiutazama kwa muda. Alisema kwamba ya zamani ingeweza kuwa imekufa, lakini hii mpya haijatumika hata siku moja, nayo yasema neno lile lile. Basi haisemi uongo. Ipo hewa mahali ilipo, na sisi tutafute inapoingilia.

Aliacha injini ipoe. Akaniomba niikoroge sabuni kwenye maji, akaipaka kwenye maungio ya bomba, akawasha, kisha akaziba mdomo wa ekzosi kwa gunia lililolowa. Juu kidogo ya sensa povu likaanza kuchemka. Kutu ilikuwa imekula bomba, ikafanya ufa usiozidi ukucha. Kati ya mpigo na mpigo wa injini hewa ilivutwa ndani kwa ufa huo, ikaidanganya kompyuta. Na kwa ufa huo huo moshi ulitoka, ukapanda, ukaingia garini kwa tundu ambalo marehemu alilitoboa mwenyewe apitishe waya wa redio.

"Shemeji," aliniuliza, kwani mama yake alikuwa amemweleza habari zangu na marehemu, "anapokuja, vioo huwa vimefungwa?"

"Huwa mvua inanyesha," nikamwambia.

Aliniambia moshi huu ni ule unaowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Nilimsikia, na nilimwelewa. Hata hivyo nilimwomba asiuzibe ufa siku ile, aniachie mvua moja tu.

Alijipangusa mikono polepole.

"Na mimi nimemsikia leo," alisema. "Ameniita kwa jina la utotoni. Nilisimamisha gari nikashuka, nikatembea mvuani mpaka akili ikanirudia. Ningependa kukaa naye, shemeji. Lakini tutakwenda kukuzika na wewe."

Alichomelea ufa siku ile ile, na tundu la waya akaliziba kwa mpira. Moshi mweusi ukakoma. Injini ikawa inakwenda kimya, na mshale wa mita ukawa unapanda na kushuka.

Masika yalikuwa bado hayajaisha. Niliendesha vioo vikiwa juu, nikipunguza mwendo kila nilipokaribia daraja. Kichwa kilikuwa chepesi, macho yanaona kila shimo la barabara, na kiti cha pembeni kilikuwa kiti tu. Sikupata kuwa mpweke kama nilivyokuwa katika afya ile.

Siku moja mama mkwe alitaka nimtembeze. Nilikuwa nimemweleza yote aliyoyasema shemeji, naye alikuwa ameyaelewa. Mvua ilikuwa imeanza. Alikaa mbele, akalikusanya buibui lake, akakipandisha kioo chake mwenyewe. Tulikwenda hadi Mambrui na kurudi, hakuna aliyenena. Tulipofika uani sikuzima injini. Nilimngoja, naye akakaa, mikono mapajani, amelielekeza sikio kwenye kiti cha nyuma. Kisha akafungua mlango, akasema mvua hii itaharibu nguo zilizoanikwa, akashuka.