Mashine Zilizochukua Mikono

Wiki iliyopita nilimkuta binti yangu akisoma kitabu cha historia, na ukurasani palikuwa na picha ya mashine za kufuma za zamani, zile zilizoendeshwa kwa mvuke. Nikakumbuka kiwanda cha Mama.

Nilikuwa na miaka minane, tumetoka Kongo juzijuzi, Kiingereza nakishika nusunusu. Asubuhi moja mwalimu alitueleza kwamba wafumaji wa zamani walikosa uzi wa kutosha, watu wakabuni mashine za kusokota, kisha za kufuma, na mashine zikachukua nafasi ya mikono. Mimi nilielewa kwamba zilichukua mikono yenyewe, zikaikata.

Alasiri ile jirani aliyenitunza baada ya shule hakuwepo, nikamfuata Mama kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi, Isipingo, kusini mwa Durban. Mlinzi alinifungulia mlango. Ndani kulinuka grisi na vumbi la pamba, na ngurumo ilitikisa meno yangu. Mama alikuwa ameinama, mkono wake umezama ndani ya nyuzi hadi kiwiko.

Nilimrukia kiunoni nikamvuta kwa nguvu zangu zote.

"Mama, itakula mkono yako!"

Alikuwa akiunga uzi uliokatika tu. Mashine yake ilikuwa imezimwa. Zilizonguruma zilikuwa za wenzake. Alinitoa hadi getini, nami nikangojea kofi. Badala yake alinikumbatia, na nikausikia moyo wake ukidunda kuliko wangu.

"Hata mimi naziogopaka," alisema. "Kila siku."

Kisha akakaza kitambaa chake cha kichwa, akarudi ndani.