Masega ya Kukodi

Kunapambazuka, na Mama Ekzosi tayari yuko chini ya gari. Inaonekana miguu tu, na kandambili moja imemponyoka. Anapapasa sakafuni kutafuta spana, anaipata, anaguna. Baada ya muda anachomoza kichwa, nywele zimejaa masizi, na kumwambia mwenye gari kwamba bomba lake limeoza lote, asitafute pa kuziba.

Karakana yake ni banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Kazi yake ni ekzosi, mabomba ya moshi, peke yake. Ukimuuliza breki, atakuelekeza kwa jirani.

Ukutani kuna msumari mnene usiotundikwa kitu. Hapo, kwa miaka, palining'inia riziki yake.

Ilikuwa ni masega. Mafundi wanakiita hivyo kile kifaa cha katikati ya bomba la moshi, kwa kuwa ndani kina vitundu kama sega la nyuki. Moshi ukipita humo, sumu yake kubwa inaungua kabla ya kutoka nje. Magari mengi hapa mtaani hayana. Mengine yaliingia nchini yakiwa yameshang'olewa masega, na waliokaa bandarini kuyakagua waliyapitisha hivyo hivyo. Mengine, wenye magari waling'oa masega wakayauza, maana ndani mna madini ya thamani.

Lakini kila mwaka kuna ukaguzi, na siku zake zinatangazwa mapema utadhani harusi. Mama Ekzosi alikuwa na masega mazima, kifaa kimoja tu, aliyarithi kwa kaka yake pamoja na banda. Akaanza kuyakodisha. Anakufungia asubuhi, unakaguliwa, unarudi anayafungua, anakurudishia bomba lako bovu. Anasema robo tatu ya mapato yake yalitoka hapo.

Mkaguzi hakuwa mjinga. Masega yale yana kovu refu la kuchomelewa, na kila gari lililopita lilikuwa na kovu lile lile. Mama anasimulia kwamba ilifika mahali mkaguzi akiinama chini ya gari anayaamkia masega, "Shikamoo mzee, umekuja tena?" Kisha anapitisha. Kanuni inataka gari liwe na masega siku hiyo, na siku hiyo linayo. Walioiandika kanuni wanajua. Watakosaje kujua?

Mwaka jana likaja gari la shule, dogo, la petroli, linalobeba watoto wa madarasa ya chini. Ili masega yakae sawa, Mama akabadilisha bomba zima la nyuma, maana la zamani lilikuwa na matundu chini ya kiti cha mwisho. Akasafisha na plagi, kwa sababu injini inayochoma vibaya huyaua masega. Gari likapita.

Dereva hakurudi siku ile. Shule ilikuwa na mitihani, gari halikupata nafasi. Lilipita juma zima na zaidi, na wateja wengine wakawa wanangoja zamu yao. Alipokuja, alikuja na malalamiko.

"Mama, umenifanyia nini gari langu?"

Mama akauliza kama linakosa nguvu. Dereva akasema hapana, nguvu linayo, tena petroli siku hizi inakaa. Shida ni watoto.

"Wamekuwa wakorofi. Zamani nikishafika njia panda, wale wa nyuma wote wamelala, mpaka niwabebe kuwashusha. Sasa wanaimba mpaka mlango wa mwisho. Kichwa kinaniuma mimi."

Mama Ekzosi alikuwa ameshalipiga jeki gari. Aliweka spana chini. Akamuuliza watoto gani hasa waliokuwa wakilala. Wa kiti cha mwisho, akajibiwa, wale wadogo, wanachoka na masomo. Akauliza kama walikuwa wakiumwa vichwa. Dereva akafikiri, akasema ndiyo, na mmoja wazazi walishamnunulia miwani.

"Baba, hao hawakuwa wanalala usingizi," Mama akamwambia. "Walikuwa wanaleweshwa na moshi wa matundu yale."

Dereva akakaa juu ya tairi. Naye ana mtoto kwenye gari lile, na kwa kuwa ni wa dereva, alimpa kiti cha nyuma ili wa watu wapate mbele.

Mama akalishusha gari. Masega hakuyafungua.

Wateja waliokuwa wakingoja zamu walimtukana wakahamia ng'ambo ya barabara, ambako fundi mwingine alishatundika ya kwake. Dada yake mkubwa, anayeishi naye chumba kimoja, hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu akamwambia, "Umeepua chungu jikoni ukampa jirani. Sasa tule sufuria?"

Kwa sasa anazungukia yadi za magari yaliyogongwa, anachagua masega ambayo hayajavunjika, anayafunga, anasafisha na plagi, na hayafunguliwi tena. Ameanza na magari ya watoto. Wanaokuja ni wachache, ila wanarudi na habari ya petroli, na habari hiyo ndiyo inayoleta wenzao. Kikohozi hakiwaleti.

Anachokitaka ni kimoja: mkaguzi aje siku asiyotarajiwa. Alimwambia hivyo, mkaguzi akacheka, akasema hilo halimo mikononi mwake, ni la wakubwa. Mama akauliza ofisi yao iko wapi. Ghorofa ya tano, akaambiwa, na feni hazizimwi.

Wazazi wanane wamekubali kwenda naye. Barua ya kuomba miadi hawana.

"Tutachukua gari moja lisilo na masega," anasema, akifuta mikono kwa kitambaa kilicho cheusi kuliko mikono yenyewe. "Tutaliegesha chini ya madirisha yao, tuliwashe, tungoje. Watashuka wenyewe kutuuliza shida yetu."