Udongo wa Mama Mkwe

Miaka ile ya hamsini serikali iliupenda udongo wetu wa Ronge kuliko ilivyotupenda sisi tulioulima. Chifu alitangaza kwamba kila shamba la mteremko lichimbwe matuta kabla ya mvua. Lisilo na matuta lingefungwa, mwenyewe asitie jembe. Shamba la mama mkwe wangu lilisimama wima mlimani, na hakuwa na jingine. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli huko Voi, kwa hiyo mlima ule ulitungoja sisi wanawake wawili.

Kwetu Wadawida, ukitaka majirani wakuchimbie, unawapikia mbangara, pombe ya miwa, wainywe kazi ikiisha. Lakini chifu huyohuyo alikuwa amepiga pombe marufuku, eti inawachelewesha watu kuchimba matuta. Mama mkwe alipika hivyo hivyo. Asubuhi ya kazi tukasikia chifu anapanda kuja kukagua.

"Mama, mtungi mzima tutauficha wapi?" nikauliza.

"Tumboni, mwanangu."

Basi majirani wakanywa kwanza, ndipo wakachimba. Chifu alikuta mtungi mkavu na watu wanaimba kwa majembe. Akasema hajapata kuona raia wanaoipenda serikali namna ile. Bwana shamba aliyafurahia matuta akiwa ng'ambo ya bonde, akaona hakuna haja ya kuvuka.

Matuta hayakuukata mteremko, yaliteremka nao. La juu lilianza vizuri, likachoka njiani, likaelekea bondeni, na mengine yakalifuata. Huko bondeni ndiko kulikuwa na shamba la chifu.

Mvua kubwa ya kwanza ilitosha. Kulipokucha tulikuta mawe matupu, nami nikalia kwa uchungu. Mama mkwe hakulia. Alibeba jembe na mbegu zake za maharagwe, akateremka, akaanza kupanda. Chifu akamkuta.

"Mama, hapa ni kwangu!"

"Shamba ni lako, Chifu. Udongo ni wangu. Matuta si uliyakagua mwenyewe, ukayasifu?"

Chifu alitazama juu mlimani, akatazama miguu yake, akaenda zake. Msimu ule tulivuna kwake.

Kule juu halikuota tena jani mpaka mama mkwe alipokufa. Lakini kila bwana shamba mgeni aliletwa kuyaona matuta yetu, na kweli, tangu siku ile hapakutoka hata chembe moja ya udongo.