Duara la Akadia

Kazi yangu ya kwanza Doha ilikuwa orodha ya majina ya nchi kwa Kiarabu. Lugha hiyo niliisomea chuo kikuu nyumbani Kenya, na ofisi moja ndogo ya uchapishaji, katika mnara mmoja wa West Bay, ikanipokea kwa miezi mitatu ya majaribio niandae faharasa ya atlasi ya shule. Mhariri wetu, Msudani mpole ambaye kila mtu alimwita Ustadh, alikuwa na kanuni moja: kila jina liwe na alama yake. Nukta nyeusi kwa mahali palipo, duara tupu kwa mahali palipokwisha. Akiridhika na faharasa, angetia saini nibaki. Asiporidhika, ningerudi nyumbani.

Akadia ilikuwa chini ya alifu, herufi ya kwanza kabisa, na bado ndiyo niliyoiacha ya mwisho. Kitabu kimoja cha marejeo kiliieleza kwa maneno mawili, iqlim tarikhi, yaani eneo la kihistoria: Wafaransa walilowea huko, mashariki ya Kanada ya leo, kisha Waingereza wakaliteka na kuwatawanya. Duara, nikasema. Kitabu cha pili kikasema baadhi yao walirejea, na wajukuu zao wangali wakijiita Waakadia. Basi nukta. Halafu nikasoma kwamba kabla ya Mfaransa yeyote kufika walikuwapo Wamikmaki, waliokuwa na jina lao wenyewe kwa ardhi hiyo, na ambao hawajaenda popote. Nilifuta nukta, nikachora duara, nikalifuta nalo. Karatasi ilianza kutoboka.

Siku moja kabla ya majaribio kwisha, nilipotoka kazini, nilimpigia simu dereva wetu, Mganda wa makamo aliyeishi Al Rayyan, anirudishe Fereej Bin Mahmoud nilikopanga chumba.

“Nnyabo, nisubiri kwenye raundabauti,” akasema, akiniita kwa heshima wanayopewa wanawake kwao.

“Si waliing'oa wakaweka taa?”

“Waliing'oa, ndiyo.”

“Sasa nisimame wapi?”

“Kwenye raundabauti! Nikikwambia kwenye taa, Doha hii yenye taa kila kona, tutakutana Kampala.”

Alicheka, kwa kuwa alikumbuka wiki yangu ya kwanza, nilipoitafuta raundabauti hiyo saa nzima juani, nikiwauliza walinzi wa majengo, nao wote wakinyoosha kidole kwenye taa zilezile nilizokuwa nimesimama chini yake. Safari hii nilisimama hapo. Alinikuta mara moja.

Asubuhi nilimpelekea Ustadh faharasa. Alifungua ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

“Hii nini, binti yangu? Duara lenye nukta ndani?”

“Ni mahali palipokwisha, Ustadh, lakini watu bado wanapafikia.”

“Mtoto wa darasa la sita ataielewaje?”

“Atachanganyikiwa.”

“Kama wewe.”

“Kama mimi, Ustadh.”

Alitabasamu, lakini hakugeuza ukurasa. “Alama zetu ni mbili. Chagua moja.”

Fomu yangu ya kuajiriwa, bado bila saini, ilikuwa mezani, chini ya mkono wake wa kushoto. Niliomba kifutio, nikaiondoa nukta taratibu, nikapuliza vumbi lake. Akapitia kurasa zilizobaki, kisha akatia saini.

Nilikaa Doha miaka tisa. Nilishuhudia raundabauti nyingine zikiondolewa, nami nikawaelekeza wageni kwa majina yake bila hata kufikiri. Atlasi ile ninayo hapa nyumbani, na duara la Akadia limechapwa vizuri, tupu kabisa. Mara kwa mara huchukua penseli nikaisogeza hadi katikati ya duara, nikaishikilia hapo. Sijui hadi leo kama nukta ile niliifuta kwa kuwa ilikuwa kosa, au kwa kuwa fomu yangu ilikuwa chini ya mkono wake.